Shimo Nililoliziba kwa Uji wa Muhogo

Wengine wakisimulia mambo ya namna hii huanza na usiku wa manane na mbwa wanaolia. Mimi sina mbwa, na haukuwa usiku. Ilikuwa Jumapili mchana, hapahapa Panda, mtaa wa mji wa Likasi, katika nyumba ya kambi ninayoishi mpaka leo, na nilikuwa nimemaliza chai yangu. Sikuwa na homa. Pombe sijaionja tangu niokoke. Nayasema haya mapema ili usije ukanitafutia sababu baadaye, kama walivyonitafutia wenzangu wa kanisani. Ukitaka kuniamini, niamini. Usipotaka nitaendelea tu, kwa maana nilipolinyamazia jambo hili mara ya kwanza kuna mtu aliyeumia.

Lazima kwanza nikueleze habari za afishi.

Kabla sijarudi Likasi nilikuwa karani wa bohari katika mji mdogo wa kaskazini, kando ya ziwa. Vita vikaja, na askari wa nchi nyingine wakaukalia mji wetu. Waliketi katika ofisi zetu, wakatupangia saa ya kufunga milango, wakapandisha bendera yao mahali pa yetu. Sisi hatukuwa na bunduki. Tulikuwa na filimbi, masufuria ya kugonga, na zile siku za kukaa nyumbani watu wote kwa pamoja, soko tupu, shule tupu, barabara tupu, ili askari wajue kwamba wanazitawala kuta tu. Siku hizo tulizitangaza kwa mabango ya karatasi yaliyobandikwa ukutani, na ndiyo tuliyoyaita afishi.

Kazi hiyo tuliifanya watu watatu. Mimi nilichonga herufi kwa wembe kwenye soli za malapa yaliyochakaa, nikazipaka wino, nikazigonga mgongoni mwa kurasa za kalenda za zamani. Kasongo, fundi baiskeli na rafiki yangu, alibandika. Mke wake, Mama Véro, alipika uji wa muhogo wa kubandikia. Unga ulikuwa haba, na kila kijiko cha uji ule kilikuwa kimetolewa kinywani mwa mtoto, kwa hiyo Kasongo hakupaka karatasi nzima. Aligusa pembe nne, akaipachika karatasi ukutani, kisha akaikandamiza katikati kwa kiganja chake cha kulia kilichojaa uji. Kubandika kwake kulikuwa ni huko tu. Hata hivyo mbuzi waliziramba. Mama Véro akaanza kutia pilipili, na asubuhi moja tulimwona beberu wa askari amesimama mbele ya zahanati anapiga chafya mfululizo. Tulicheka mpaka tukaogopa kusikika.

Afishi yangu ya kwanza ilitoka kinyumenyume. Nilizichonga herufi kama zinavyosomwa, bila kufikiri kwamba zikigongwa zitageuka. Kasongo aliishika mbele ya kioo chake cha kunyolea, akaisoma vizuri kabisa, na tangu siku hiyo akaniita Bwana Kioo. Hakuna mtu mwingine aliyeniita hivyo, hata mke wake.

Siku moja alikwenda kubandika, hakurudi. Kulipokucha Mama Véro alizifuata afishi ukuta kwa ukuta mpaka ile ya mwisho, ukutani mwa zahanati. Kuta zilizofuata zilikuwa tupu. Akaibandua ile ya mwisho, uji ukiwa bado mbichi, akaibeba chini ya kitenge. Ilikuwa kubwa kuliko zote: KESHO HAKUNA SOKO. KAA KWAKO. Mwili wa Kasongo haukupatikana, wala hakuja mtu aliyesema ameuona.

Vita vilipokwisha nilirudi hapa nilikozaliwa. Mama Véro naye alikuja, kwa ndugu za mume wake huko Kambove, akawa anawauzia wachimbaji mikate ya mafuta. Na alivaa nyeusi. Unajua desturi: mjane hukaa na nguo za msiba mpaka familia ya mume ikutane, kilio kimalizwe, wamvue. Lakini mashemeji zake walimwambia, tutakuvuaje kwa ajili ya mtu ambaye hatukumzika? Lete kitu cha mwili wake, hata ukucha, tukizike. Ukucha angeutoa wapi? Miaka ikaenda, nguo zake nyeusi zikafifia zikawa kijivu, akashona nyingine. Kwenye arusi ya binti yake aliketi nje, nyuma ya jiko, kwa sababu mjane wa namna ile hasogei karibu na maarusi. Alipozeeka alikuwa na ombi moja tu lililobaki, nalo kila aliyemfahamu alilijua: avuliwe zile nguo kabla hajafa.

Afishi ile alinipa mimi niitunze, kwa kuwa paa lake lilivuja na mimi nina sanduku la chuma. Ilikuwa imeviringishwa ndani ya kitambaa na kushonwa. Alisema, "Baba Odette, uniwekee. Usifunguefungue." Sikuuliza kwa nini. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Sasa fika huku kwenye siku hizi. Kabla ya mvua zilizopita, Mama Véro alimpigia simu binti yangu Odette, anayeishi nami. Mashemeji wamekubali, alisema. Kitu cha kuzika kipo, ni ile karatasi yake, na Jumamosi ya wiki ijayo watafika wote kuichukua. Nilifurahi sana. Nilidhani wale wazee wamelainika, wamekubali kuyazika maneno aliyoyafia ndugu yao. Mimi ni mtu wa herufi, ningewaza nini kingine? Tena kulikuwa na msichana wa nyumba moja ya utamaduni ya Lubumbashi aliyekuwa akitafuta afishi za wakati ule azipige picha kwa ajili ya maonyesho, na mimi nilikwisha kumwambia kwamba ninayo moja kubwa, kazi ya mikono yangu. Nilitaka ipendeze kwenye picha kabla ya kuingia kaburini.

Nikaukata ule uzi, nikaifungua.

Mende walikuwa wameila. Pembe zote nne zilikuwa zimetafunwa, na katikati kulikuwa na shimo kubwa lenye matawi, lililomeza nusu ya neno SOKO. Niliona aibu kama mtu aliyeazimwa nguo akairudisha imetoboka. Nikaiweka mezani, nikachukua rula na wembe, nikazikata kingo za lile shimo zilizochakaa mpaka likawa mraba safi. Nikapika uji wa muhogo kama wa zamani, nikaziba kwa karatasi ya mfuko wa unga, nikaandika upya herufi zilizopotea. Vipande nilivyovikata nikavitupa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, lililokuwa bado na moto. Kazi ile niliifanya nikipiga mluzi.

Jumapili iliyofuata Odette alikwenda ibadani. Mimi nilibaki kwa sababu ya mguu. Kanisa letu haliko mbali, vipaza sauti vinaleta kila neno mpaka chumbani, na kwa hiyo nilikuwa nasikiliza mahubiri huku nimeketi kwenye kibaraza. Mvua ikaanza, ikapiga mabati, sikusikia tena kitu. Ndipo nikaona mtu amesimama ndani ya lupango, ua wa nyumba yangu. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa kwa waya, na ulibaki umefungwa.

Alikuwa kijana wa miaka ya thelathini hivi, na mikono ya koti lake ilikuwa mirefu kuliko kawaida. Nilifikiri ametumwa na yule msichana wa Lubumbashi. Nikamkaribisha. Akapanda kibarazani, akaninyooshea mkono wake kwa kifundo, jinsi wachimbaji wanavyofanya wakiwa na mikono michafu, kwamba unishike hapa juu, huku chini nina udongo. Ni heshima ya kawaida kwetu, sikuona ajabu. Nikamshika juu ya mkono wa koti. Ulikuwa baridi na chepechepe, na kiganja changu kikanuka uji uliochacha. Nilifikiri ni mvua.

Hakutaka kuketi. Alisema amekuja kuona karatasi. Nikamwingiza ndani, nikaitandaza mezani. Aliinama juu yake muda mrefu, kisha akatabasamu.

"Safari hii herufi haikugeuka," alisema. "Ulijifunza, Bwana Kioo."

Utaniuliza kama niliruka, kama nililitaja jina la Yesu. Sikufanya hata kimoja. Jambo linalonisumbua mpaka leo ni kwamba sikuhisi chochote. Nilisimama pale kama mtu aliye kwenye foleni, anayejua zamu yake itafika. Nikamtazama usoni, na polepole nikamtambua. Sikuwa nimemtambua mapema kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimemzeesha pamoja nami, nikampa mvi na tumbo. Hakuwa na mvi. Alikuwa vilevile kama asubuhi ile alipomcheka beberu.

"Geuza," akasema.

Nikamwambia ageuze mwenyewe, karatasi ni yake.

"Weye geuza. Miye sina mukono."

Akavuta ule mkono mrefu wa koti, akanionyesha. Mkono wake wa kulia uliishia kwenye kifundo. Hakukuwa na damu wala kovu. Ulikuwa umenyooka, kama kitu kilichokatwa kwa wembe kando ya rula, na pale ulipokatwa palikuwa peupe, pakavu, kama ukingo wa karatasi.

Niamini, hapo ndipo nililiona lile shimo kwa mara ya kwanza. Mezani lilikuwa halipo tena, mimi mwenyewe nilikuwa nimeliziba. Nililiona kichwani jinsi lilivyokuwa kabla ya wembe wangu: lile tumbo la katikati, yale matawi manne yaliyokwenda juu, na moja fupi pembeni. Mende hula mahali penye uji. Pembe nne, na katikati, alipokandamiza. Wadudu walikuwa wamekichora kiganja cha Kasongo kwa meno yao, kidole kwa kidole, na Mama Véro alikuwa amekiona tangu karatasi ikiwa kwake, ndiyo maana aliishona ndani ya kitambaa. Hicho ndicho alichowaonyesha mashemeji zake kwa maneno mpaka wakakubali. Waje wazike mkono.

"Weye njo ulikata?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, nilifikiri ni uharibifu.

Akatikisa kichwa, bila hasira, kama fundi anayeangalia baiskeli ambayo haitengenezeki. "Bibi yangu, Mama Véro, atazika nini sasa?"

Mvua ikapungua, nikasikia tena kipaza sauti cha kanisa, watu wanaimba. Nikageuka kidogo tu kuelekea dirishani. Nilipomrudia hakuwapo, na sakafu yangu ya saruji, niliyoipiga deki asubuhi, haikuwa na hata tone la maji.

Odette aliporudi alinikuta nimekaa mbele ya ile karatasi, nikijaribu kukibandua kiraka. Nilimweleza yote. Akaogopa, akakimbia kwa mchungaji, na mchungaji akaja jioni ileile na wazee wawili. Waliomba kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Mchungaji alinifahamisha kwamba Mkristo haoni wafu, anaona pepo aliyevaa sura ya mfu, na kwamba shemasi kama mimi akianza kutembea akishuhudia habari za pepo atalipotosha kundi. Akanitaka nisilitamke tena. Nikakubali. Nilikuwa shemasi wa miaka mingi, na mzee asiye na mke, akiondolewa kanisani, anabaki na nini?

Jumamosi wakafika. Mama Véro alikuja na mashemeji zake, wakiongozwa na mkubwa wao, Baba Ngoy, mzee mwenye kikohozi cha machimboni. Walikuwa wamechonga sanduku dogo la mbao, la urefu wa mkono, wamelitandika kitambaa cheupe. Odette alipika bukari, ugali wetu, na samaki wa Mwadingusha. Mchungaji naye alikuja, akasimama mlangoni.

Mama Véro macho yake yalikuwa yamepunguka. Aliomba karatasi kabla ya chakula, akaiweka magotini, akapitisha vidole katikati. Akapitisha tena. Alikuta ni laini, hakuna shimo.

"Baba Odette, mukono iko wapi?"

Nikamwambia. Nilisema nilikata, nikaziba, nikachoma vipande. Hilo sikulificha. Aliendelea tu kupapasa kile kiraka, kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea kitandani. Mmoja wa mashemeji, mdogo kuliko wote, akasema kwa kejeli kwamba basi tuzike mfuko wa unga, tuuombolezee. Baba Ngoy akamnyamazisha. Akasema anasikitika, lakini karatasi ni karatasi, hawawezi kumvua mtu kwa karatasi.

Ndipo Odette, aliyekuwa amebeba maji ya kunawa, akashindwa kujizuia. Akasema, "Lakini baba aliona ye. Siku ya Mungu, hapahapa ndani."

Baba Ngoy akageuza kiti chake kunielekea, akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kwao, mtu akisema mbele ya ndugu wote kwamba alimwona ndugu yao na amekufa, neno hilo linatosha. Linashika nafasi ya mwili. Wangemvua huyu mama tangu zamani, ila katika miaka yote hakuna mtu aliyewahi kusimama akasema.

"Uliona ye?" akaniuliza. "Sema tu. Uliona ye, na alikufa?"

Unaelewa nilichokuwa nimeshika? Neno moja. Nilikuwa nimeuchoma mkono wa Kasongo, na Mungu, au Kasongo mwenyewe, alikuwa ameniachia kitu cha kulipia. Mama Véro aliinua uso wake kuelekea sauti yangu. Nyuma yao mchungaji alinitazama, wala hakukunja uso, alinitazama tu.

Nikasema, "Nilisinzia. Ilikuwa ndoto."

Baba Ngoy akashusha pumzi. Ndoto hawazipokei, kila mtu anaota. Wakala samaki kwa heshima, wakalifunga lile sanduku likiwa tupu. Mama Véro hakula. Wakati wa kuondoka, nilipokuwa namsaidia kushuka ngazi ya kibaraza, aliniuliza kwa sauti ya chini wengine wasisikie.

"Mu ile ndoto yako, alikuwa na njaa?"

Maana usiku ule wa mwisho Kasongo alitoka nyumbani bila kula, uji wote ulikuwa wa kubandikia. Nikamjibu sikumbuki.

Alikufa katikati ya mvua zile, Kambove. Nilikwenda kwenye kilio chake. Alilazwa akiwa amevaa zile nguo nyeusi, kwa sababu waliokuwa na haki ya kumvua walisema sasa atakutana na Kasongo hukohuko, atamvua mwenyewe. Nilisimama nyuma ya watu. Nilitaka kumwendea Baba Ngoy, nikaona kwamba hakuna tena wa kuvuliwa.

Kiganja changu cha kulia, nilichomshikia yule mgeni, tangu Jumapili ile hakihisi kitu. Nimeshika kikombe cha moto nikajua ngozi imeungua kwa harufu tu. Daktari anasema ni mishipa, ni sukari, ni uzee. Labda. Lakini ganzi ile ilianza siku moja, na haijatoka kiganjani kwenda kidole cha mkono mwingine wala mguuni. Ushemasi niliuacha mwenyewe. Mchungaji alinisihi nibaki, nikamwambia simdai kitu, mdomo ulikuwa wangu. Ile afishi msichana wa Lubumbashi aliipiga picha, akanisifu kwa jinsi nilivyoitengeneza vizuri. Nilimwambia asiandike jina langu.

Ewe unayesoma, nyumbani kwako huenda kuna kitu cha mtu mwingine, kimeharibika, umewekewa. Kabla hujakisafisha, muulize mwenyewe anachokiona ndani yake. Usikitengeneze kwa macho yako. Na ikiwa umeona jambo, na kuna mtu amekaa gizani akilingoja neno lako, usimtazame aliyesimama mlangoni. Sema. Watu wakishatawanyika, utalisema kwa nani?

Mimi nalisema sasa, ingawa hakuna kinachobadilika. Sikusinzia. Nilikuwa macho, mchana, mvua ikinyesha. Nilimwona Kasongo, na alikuwa amekufa. Hakuonekana mwenye njaa.